Hukumu ya Kuvuta Sigara Mbele za Watu

Katika masuala tunayoulizwa katika darsa yetu ya baada ya Isha, hili limerudiwa mara nyingi kuliko mengine: je, yafaa serikali kuwakataza watu kuvuta sigara mahali pa watu wote? Na je, Muislamu alazimika mbele ya Mwenyezi Mungu kuifuata amri hiyo, au ni jambo la askari na mahakama tu? Wenye kuuliza ni makundi mawili. Wako wanaovuta, nao waona wameonewa. Na wako wasiovuta, nao wametaabika na moshi na hawana la kusema kwa kuwaonea haya wakubwa wao. Tumeona tuliandike jawabu letu hapa ili lisomwe na wale wasiohudhuria darsani.

Kabla ya kujibu, yapasa suala lenyewe lipambanuliwe, kwani fujo nyingi katika mazungumzo ya watu hutokana na kuchanganya mambo mawili. La kwanza ni hukumu ya sigara yenyewe: ni haramu, au makuruhu, au mubaha? La pili ni hukumu ya kuivuta pale ambapo mtu mwengine hana budi kuuvuta moshi wake. Watu wakiulizwa la pili hukimbilia la kwanza. Mmoja husema, "Mwalimu wangu alinambia ni makuruhu." Mwengine husema, "Sheikh fulani alikuwa akivuta, naye alikuwa bahari ya ilimu." Majlisi huvunjika, na suala lililoulizwa halikuguswa. Sisi twasema: hata tukiikubali kauli iliyo nyepesi kabisa katika hilo la kwanza, hili la pili lina hukumu yake mbali, wala haisimami juu ya khitilafu hiyo.

Tuanze na khitilafu yenyewe, ili isituzuie njiani. Tumbaku haikuwako katika zama za Mtume (s.a.w.), wala za Masahaba, wala za Maimamu wanne. Ni mti wa Amerika, uliochukuliwa na mabaharia wa Ulaya, ukaingia nchi za Waislamu karibu na mwaka 1000 wa Hijra, yaani mwishoni mwa karne ya 16 Miladia. Kwa hivyo hukumu yake haitafutwi kwa jina lake katika Qurani wala katika Hadithi. Hutafutwa kwa kanuni za Sharia. Wanavyuoni walioufikiwa walikhitalifiana sana. Huko Misri, Sheikh Ibrahim Al-Laqani, aliyefariki mwaka 1041 wa Hijra, aliandika kuikataza. Na Sheikh Ali Al-Ajhuri, aliyefariki mwaka 1066, akaandika kuiruhusu, nao wote wawili ni wa madhehebu moja ya Imam Malik. Huko Sham, Sheikh Abdul-Ghani An-Nabulsi, aliyefariki mwaka 1143 (1731 Miladia), aliandika risala nzima ya kuutetea uhalali wake. Katika Mashafii, Al-Qalyubi aliiharimisha, lakini wengi walisimama kwenye ukaraha, na hiyo ndiyo kauli iliyozoeleka hapa kwetu pwani kwa vizazi.

Lakini mwenye kuziangalia hoja za walioruhusu ataona kwamba zimeegemea nguzo moja: kuwa madhara yake hayakuthibiti. Walisema kuwa asili ya vitu ni kuruhusiwa mpaka idhihiri dhara yake, na matabibu wa zama zao hawakuwa na neno moja. Wengine wakiisema kuwa ni sumu na wengine wakiisifu kuwa ni dawa ya balghamu. Nguzo hiyo ilikuwa na nguvu katika karne yao. Leo imeanguka. Mwaka 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha uchunguzi wao juu ya wagonjwa wa hospitali za London, ukaonyesha kuwa saratani ya mapafu yaandamana na sigara. Mwaka 1964 mkuu wa afya wa serikali ya Marekani akatoa ripoti yenye kukata shauri juu ya jambo hilo. Na mwaka 1988 ofisi ya Shirika la Afya Duniani iliyokuwa Iskandaria ilichapisha kitabu cha fatwa za wanavyuoni wa Misri juu ya sigara, baada ya wao kuyasikia maneno ya matabibu, na waliosema kuwa ni haramu ndio waliokuwa wengi. Nasi tumeelekea kauli hiyo, kwani lau An-Nabulsi angeyaona yanayoonekana leo katika wodi za wagonjwa wa kifua, hatudhani kwamba angeandika aliyoyaandika. Naye alikuwa mtu wa insafu. Lakini somo hili hatulijengi juu ya kauli hiyo. Atakaye kushika ukaraha na aushike, kisha atusikilize.

Msingi wa jawabu letu ni kitunguu.

Ndugu msomaji asicheke. Imepokewa katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alimkataza mwenye kula kitunguu thaumu au kitunguu maji asiukaribie msikiti mpaka harufu yake iondoke, na katika riwaya ya Jabir aliyoipokea Muslim imetajwa sababu: kwamba Malaika huudhika na yale wanayoudhika nayo wanaadamu. Na amepokea Muslim pia kuwa Sayyidna Umar (r.a.), katika moja ya hotuba zake za mwisho, aliwaambia watu kuwa yeye alimwona Mtume (s.a.w.) akiamrisha mtu mwenye harufu hiyo atolewe msikitini mpaka Baqii; kisha akasema kuwa asiyekuwa na budi na kula mboga hizo na azipike mpaka harufu yake ife.

Mwenye kuzingatia ataona mambo matatu hapa. Kwanza, kitunguu ni halali kwa ijmai. Hakuna mwanachuoni aliyesema kuwa kukila ni dhambi, na Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipoulizwa na Masahaba alibainisha kuwa yeye haharimishi kile alichokihalalisha Mwenyezi Mungu. Pili, pamoja na uhalali wake, mwenye nacho alikatazwa mahali pa watu, na aliyekuja nacho akatolewa, wala hakuachiwa mwenyewe apime. Hili si nasaha tu. Ni amri yenye kutekelezwa. Tatu, sababu iliyotajwa ni maudhi, wala si maradhi. Harufu ya kitunguu haimuui mtu, haimpandishi pumu, haimtii saratani. Humkera tu mwenziwe katika safu. Basi ikiwa kitu kilicho halali, kwa kukera tu, mwenye nacho aliondolewa mahali pa watu, itakuwaje kwa kitu ambacho wepesi wa kauli juu yake ni ukaraha, nacho chakera na chadhuru? Hii ndiyo qiyasi inayoitwa na wanavyuoni wa Usuli qiyasi ya aula, ambapo tawi lina haki zaidi ya hukumu kuliko shina lenyewe.

Tumesema chadhuru, nasi hatukusema kwa kukisia. Zamani watu walidhani moshi humdhuru avutaye peke yake, na aliye kando hupata harufu tu. Mwaka 2006 mkuu wa afya wa Marekani, katika ripoti nyengine mahsusi kwa moshi wa watu wengine, alisema kuwa hapana kiasi chake kisichokuwa na hatari. Shirika la Afya Duniani lahesabu kuwa tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na kuwa zaidi ya milioni 1 katika hao hawavuti kabisa. Waliuawa na moshi wa wenzi wao. Na mwenye kutaka kuona faida ya katazo lenyewe na aiangalie nchi ya Scotland. Huko walikataza kuvuta ndani ya mahali pa watu wote mwezi wa Machi 2006; madaktari wakahesabu waliolazwa kwa mshtuko wa moyo katika hospitali tisa, kabla ya sheria na baada yake, wakakuta wamepungua kwa asilimia 17. Katika muda huo huo Uingereza, ambako sheria kama hiyo ilikuwa bado haijaanza, upungufu ulikuwa asilimia 4. Na sehemu kubwa ya walionusurika ni watu wasiovuta.

Kwa hivyo kanuni inayohukumu hapa ni ile iliyopokewa na Imam Malik katika Muwatta na Ibn Majah katika Sunan yake, ya kukataza mtu kudhuru na watu kudhuriana, ambayo wanavyuoni wameifanya kuwa moja ya nguzo tano za fiqhi. Mwenye kauli ya ukaraha asema kuwa mtu auchezea mwili wake mwenyewe na mali yake mwenyewe. Haya. Lakini kifua cha jirani yake hakimo katika mwili wake. Ukaraha huo haukupata kutolewa na yeyote kwa ajili ya mapafu ya mtu mwengine, na mwenye kuichukua kauli ile akaitumia hapa ameichukua mahali ambapo wenyewe hawakuiweka.

Jawabu letu basi ni hili: kuvuta sigara mahali ambapo mtu mwengine hana budi kuupata moshi wake ni haramu, hata kwa yule anayeiona sigara yenyewe kuwa ni makuruhu au mubaha, na serikali inayolikataza jambo hilo imefanya lililo wajibu wake.

Sasa zimebaki hoja za wenye kupinga. Wa kwanza husema, "Huu ni uhuru wangu, nimekaa kitini pangu, sijamgusa mtu." Huyu tunamrudisha kwenye Hadithi ya jahazi, ambayo watu wa pwani wana haki ya kuifahamu kuliko wengine. Amepokea Bukhari kutoka kwa Nuuman bin Bashir mfano wa watu waliopiga kura katika chombo, wengine wakapata sehemu ya juu na wengine ya chini. Wa chini walikuwa wakitaka maji hupita juu kwa wenzao. Wakaona bora watoboe tundu katika sehemu yao wasiwaudhi walio juu. Mtume (s.a.w.) akabainisha kuwa wakiachwa wafanye walitakalo wataangamia wote, na wakishikwa mikono wataokoka wote. Na tuangalie nia yao: hawakukusudia ubaya, bali walitaka kupunguza usumbufu, na sehemu ile kweli ilikuwa yao. Lakini maji hayajui mpaka wa sehemu, wala moshi haujui. Wenye mikahawa walifikiri kuwa wataweka meza za wavutaji upande huu na za wasiovuta upande ule, na feni katikati. Mwongozo uliopitishwa mwaka 2007 na nchi zilizo katika Mkataba wa kudhibiti tumbaku umesema wazi kuwa feni na vyumba vya namna hiyo havimlindi mtu.

Wa pili husema, "Hatuwezi, sigara imetushika." Hili twalijua na tunawaonea huruma. Katika wavutaji wamo wanaotushinda kwa swala ya alfajiri na kwa sadaka ya siri, na wengi wameanza wakiwa watoto wasiojua walitendalo, kisha dawa iliyomo ndani ya tumbaku ikawafunga. Lakini hoja yao yabatilishwa na Ramadhani yao. Mtu huyo huyo huanza kufunga kabla ya alfajiri akafika magharibi, saa 13 na zaidi, hana hata pumzi moja, na kazi yake aifanya, na mzigo wake auchukua. Aliyeweza saa 13 kwa ajili ya Mola wake hashindwi na dakika chache za kuvuka Likoni, wala na muda wa kumngojea daktari. Sheria haikumwambia aache; imemwambia si hapa.

Wa tatu husema, "Na moshi wa magari? Na moshi wa majiko?" Hii si hoja. Dhara moja haihalalishi dhara ya pili.

Wa nne ndiye anayehitaji kujibiwa kwa urefu kidogo, kwani hujivika vazi la dini. Husema, "Sheria hiyo haikutungwa na Waislamu, basi haitulazimu." Twamwambia: taa za barabarani nazo hazikutungwa na Waislamu, na mwenye kuzivunja akamgonga mtu alipa dia na apata dhambi. Kanuni ya wanavyuoni ni kuwa amri ya mtawala juu ya raia yaangaliwa kwa maslaha yake. Ikiwa ina maslaha ya kweli wala haiamrishi maasia, hufuatwa. Nchi ya Kenya ilitia sahihi Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku mwaka 2004, ikapitisha Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku mwaka 2007, nayo ikaanza kutumika Julai 2008. Imekataza kuvuta hospitalini, mashuleni, mahakamani, sokoni, katika mikahawa, katika vyombo vya abiria na katika nyumba za ibada. Na mwenye kuivunja huweza kutozwa hadi shilingi 50,000 au kufungwa hadi miezi 6. Imeruhusu patengwe mahali pa wavutaji, nasi kwa tuliyoyataja hapo juu twaona kuwa ruhusa hiyo ni udhaifu wake. Kampuni za tumbaku ziliyapinga mahakamani masharti yaliyotungwa mwaka 2014 chini ya sheria hiyo, kesi ikapanda ngazi kwa ngazi, na Mahakama ya Juu ikaitupa rufaa yao Novemba 2019. Je, katika haya yote kuna neno moja linalomwamrisha Muislamu kumuasi Mwenyezi Mungu? Hakuna. Kuna yanayomzuia asimuudhi mja wa Mwenyezi Mungu.

Husemwa pia kwamba askari huitumia sheria hii kuwakamua wanyonge, wakamshika mchukuzi gatini wakamwacha tajiri hotelini. Twasikia hayo, na ni dhuluma, na atakayeyafanya atayajibu. Lakini dawa yake ni kumshtaki askari mdhalimu, si kuliacha tundu katika jahazi.

Hata hivyo, twakiri kwamba si kila katazo ni jema, na tarikhi yetu wenyewe yatufundisha. Mwaka 1633, baada ya moto mkubwa kuiunguza Istanbul, Sultan Murad wa Nne alikataza tumbaku katika dola yake yote, akaifanya adhabu ya mvutaji kuwa ni kifo, na watu wengi wakauawa. Ilikuwaje? Watu walivuta kwa kificho, na baada ya yeye kufariki mwaka 1640 wakarudi kuvuta hadharani, mpaka Sheikhul-Islam mwenyewe aliyekuja baadaye akawa mvutaji na akatoa fatwa ya ruhusa. Kosa lake, kwa tuonavyo, ni kuwa hakutofautisha baina ya mtu na mahali, wala baina ya maudhi ya mtu kwa nafsi yake na maudhi yake kwa watu. Umar (r.a.) hakumuua mla kitunguu. Alimwambia akipike.

Sasa tuje nyumbani kwetu, kwani ni rahisi kusemea Istanbul na Scotland.

Baraza za misikiti yetu zimekuwa ni mahali pa sigara. Baina ya Magharibi na Isha, wazee na vijana hukaa, kahawa hupita, na kila baada ya kikombe hutolewa paketi. Katika Ramadhani mambo huzidi. Imamu atoapo salamu ya Isha, wako wanaotoka mbio kabla ya tarawehe kama waliokoswa na maji, na ukuta wa nje wa msikiti hugeuka jiko. Vichungi hutupwa hata penye mfereji wa kutawadhia. Mtume (s.a.w.) alipowakataza Masahaba kukaa njiani, nao wakamwambia kuwa hawana budi na vikao vyao, aliwaruhusu kwa sharti waipe njia haki yake, na katika haki alizozitaja ni kuzuia maudhi. Hiyo ni njia ya kawaida. Lango la msikiti lina haki kubwa zaidi. Kama laingia katika matamko ya sheria ya mwaka 2007 au haliingii, hilo tunawaachia mawakili. Katika Hadithi ya kitunguu laingia bila ya shaka.

Yuko mzee mmoja katika jirani zetu ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini hakuikosa safu ya kwanza. Siku hizi huswali nyumbani. Tulipokwenda kumtazama tulidhani ni magoti. Akatwambia si magoti, ni kifua. Kwamba kutoka langoni mpaka mlango wa msikiti hana budi kupita katikati ya moshi, na akiingia huwa hawezi tena kuinama. Tukamuuliza kwa nini hakuwaambia. Akasema, "Wale ni rika langu, na wengine ni wakwe zangu. Nitawaambiaje?" Huyu amenyimwa jamaa, na waliomnyima ni watu wa jamaa. Ikiwa mwenye kitunguu alitolewa msikitini kwa ajili ya wasio nacho, vipi sisi tumemtoa asiye na moshi kwa ajili ya wenye nao? Wakuu wa misikiti wasimngojee askari katika hili. Ni amana yao, na wana haki ya kumwambia mtu yeyote, mkubwa kwa mdogo, asogee mpaka ng'ambo ya njia. Na aambiwaye asiseme kuwa amevunjiwa heshima.

La pili ni vyuo vyetu vya Qurani. Wako walimu wanaovuta mbele ya wanafunzi, katika chumba kimoja chenye dirisha moja, watoto thalathini wameketi mkekani. Mtoto hawezi kutoka, akitoka hupigwa. Hana kauli, wala mzazi wake hapendi kumkosa adabu mwalimu. Hapa zimekutana dhara mbili, ya kifua na ya moyo, kwani mtoto akiona sigara na msahafu vimewekwa kwenye marfaa mmoja ataviheshimu vyote viwili. Mzazi mwenye mtoto wa pumu ana haki kamili ya kumtoa katika chuo kama hicho akampeleka kwengine, wala hili si kumkosa adabu mwalimu.

La tatu ni shisha. Wako wanaoiona kuwa nyepesi kuliko sigara kwa kuwa moshi wake hupita majini na una harufu ya matunda. Na wako, Mwenyezi Mungu awaongoze, wanaodhani kuwa kwa sababu imetoka kwa Waarabu ina kitu cha Uislamu ndani yake, wakaipanga hata katika kumbi za harusi pamoja na halua na kahawa. Maji hayaondoi sumu. Shirika la Afya Duniani limesema kuwa kikao kimoja cha shisha chaweza kumvutisha mtu moshi sawa na wa sigara 100 au zaidi, na makaa yake hutoa hewa ile ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa chumbani. Wizara ya Afya iliipiga marufuku Desemba 2017. Mwaka 2024 mahakama ya Shanzu, hapa Mombasa, iliwaachilia washtakiwa, kwa kuwa waziri hakuyakamilisha masharti kama alivyoamriwa na Mahakama Kuu, na vijana wengi wakashangilia kana kwamba imehalalishwa. Hakimu alihukumu juu ya karatasi za waziri. Juu ya vifua vya waalikwa hakuhukumu.

Limebaki jambo ambalo katika darsa lilizua maneno mengi, nalo ni nyumba ya mtu. Sheria ya nchi husimama mlangoni, na yafaa isimame hapo, kwani tumekwisha kuona askari wa Murad walivyofanya. Lakini Sharia huingia ndani pamoja na mwenye nyumba. Mwaka 1981, tabibu wa Japani aitwaye Takeshi Hirayama alitoa matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 14 wanawake 91,540 wasiovuta, akakuta kuwa wake za wavutaji walipatwa na saratani ya mapafu zaidi kuliko wake za wasiovuta, na kila mume alipozidisha ndivyo hatari ya mkewe ilivyozidi. Wanawake hao hawakuwa barabarani wala mkahawani. Walikuwa majumbani mwao, mahali ambapo Mwenyezi Mungu amewaamrisha waume wakae nao kwa wema.

Aliulizwa mmoja wetu na mwanamke, kwa kutumiwa salamu: akimwambia mumewe atoke nje na sigara yake, naye akakasirika, je, mke huyo huhesabiwa ni nashiza? Tumelizungumza suala lake na jawabu letu ni kuwa si nashiza, wala hana dhambi. Ameomba haki yake na ya watoto wake. Na akiwa na mimba, au nyumbani mna mtoto mchanga au mgonjwa wa kifua, basi mume alazimika kutoka hata asipoambiwa, na kukaa kwake ndani akivuta ni katika kumdhuru mke, jambo lililokatazwa kwa aya. Amwambie kwa upole, na ikiwa hasikii amtume mzee wake au wa mumewe.

Ama suala la mwenye duka kuuza sigara, na la kuikodisha nyumba ya wakfu kwa mwenye biashara hiyo, nalo tumeletewa. Tutalisomesha katika darsa ya mwezi ujao, inshaallah.